Baba Mkwe Akikohoa

Kiwanda alichofanyia kazi mume wangu Dar es Salaam kilipouzwa kwa mtu binafsi, mwenye mali mpya alianza kwa kupunguza watu, na mume wangu alikuwa katika kundi la kwanza. Tulikaa mjini miezi kadhaa tukijipa moyo kwamba kiwanda kingine kitamwita. Hakuna kilichoita. Ndipo akaamua kwamba mimi na mtoto wetu twende kwao Masukulu, Rungwe, tukakae na wazazi wake, naye ajaribu biashara mpakani, Kasumulu na Tunduma. Watu walisema biashara imefunguliwa, na mwenye miguu na ulimi hawezi kulala njaa.

Mimi ni mtoto wa Tanga. Nyanda za juu nilizijua kwa blanketi alilokuja nalo mume wangu wakati wa uchumba, blanketi zito ambalo kwetu halikuwa na kazi. Wazazi wake nilikuwa sijawaona. Ndoa yetu ilifungwa Tanga, na kutoka kwao alikuja kaka yake mkubwa tu, akala pilau, akarudi. Tukiwa njiani kwenda Masukulu nilimwuliza mume wangu niwe vipi nikifika.

"Kuwa kama ulivyo," alisema. "Kule kuna heshima zao. Utaziona."

Tulishuka Tukuyu asubuhi, ukungu umeshika mji mpaka nyumba za upande wa pili wa barabara zilionekana kama zimechorwa kwa mkaa na kufutwa. Mitumba ilikuwa imemwagwa juu ya maturubai, wanawake wameinama wakichambua makoti. Tulimpata mtu wa kutubebea godoro, tukaanza kuteremka kwa miguu. Udongo ulikuwa mweusi, na migomba ilisongamana kiasi kwamba nyumba huioni mpaka umeshafika mlangoni.

Nyumbani kwao tulikuta watu wengi uani. Mama mkwe alitoka mbio akampokea mtoto mgongoni mwangu kabla hajanisalimia mimi. Nyuma yake alisimama mzee mrefu mwenye koti la kijivu na kofia mkononi. Nilijua ndiye. Nilifanya kama nilivyofundishwa kwetu. Nilitua mzigo, nikamwendea, nikapiga magoti, nikasema, "Shikamoo, baba."

Hakuitikia. Aligeuza uso kwa ghafla kama mtu aliyepigwa na moshi, akanipa mgongo, akaingia kwenye migomba kwa hatua ndefu. Mama mkwe alinishika mkono akaniinua, akaniongoza jikoni, na mimi nikaanza kulia. Nilidhani nimekataliwa. Nilidhani alitaka mwanamke wa kwao, na sasa mwanawe amemletea mtu wa pwani asiyejua hata kumenya ndizi.

Mume wangu alipoingia jikoni alikuwa anacheka, halafu akaona uso wangu akaacha.

"Hajakukataa," alisema. "Mkamwana na baba mkwe hawaonani. Ndiyo heshima yenyewe. Ukimwona anakuja, unapisha. Yeye akijua upo, anapisha. Hamsalimiani, hamtazamani, hamkai sehemu moja."

"Mpaka lini?"

"Mpaka basi."

"Na hukuniambia?"

Alikuna kichwa. Alisema alidhani mambo hayo yamekwisha, kwamba wazee siku hizi wanaenda kanisani na wamelegeza. Baadhi walikuwa wamelegeza kweli. Baba yake hakuwa mmoja wao.

Baada ya wiki moja mume wangu aliondoka kwenda mpakani, nami nikabaki.

Siku za kwanza niliishi kama mwizi kwenye nyumba ya watu. Kila nilipotoka jikoni nilichungulia kwanza. Aliyenifundisha alikuwa mke wa kaka yake mume wangu, ambaye nyumba yake ilikuwa hatua chache kutoka kwa wakwe. Nilimwita dada. Alikuwa mwanamke mnene, mpole, mwenye mzaha, na alikuwa ameishi na heshima ile tangu aolewe.

"Sikiliza kikohozi," aliniambia. "Akitaka kupita, anakohoa mara mbili. Hiyo siyo homa. Hiyo ni hodi."

Kumbe kweli. Mzee alikohoa akitoka chumbani, akakohoa akikata kona ya zizi, akakohoa akirudi kutoka njia kuu. Sisi tukisikia, tunaingia ndani au tunaugeukia mgomba na kujifunika khanga kichwani mpaka hatua zipite. Nyumba ilikuwa na milango miwili, wa mbele wake na wa nyuma wetu. Asubuhi alikuwa akienda ghala la chama cha ushirika, ambako alikuwa karani kwa miaka mingi. Ghala lilikuwa limefungwa. Kahawa sasa ilinunuliwa na watu waliokuja na pikapu, wakapima pale pale barabarani na kuondoka. Lakini mzee alikwenda tu, akakaa barazani pa ghala na wenzake wawili watatu, na saa hizo ua ulikuwa wetu. Tulicheka kwa sauti, tukasuka nywele, tukaanika majani ya kunde. Kikohozi kikisikika kule chini, kila mmoja anashusha sauti.

Kulikuwa na jambo la maneno pia. Mkamwana hataji jina la mkwe wake, wala neno linalofanana nalo. Jina la mzee lilikaribiana na neno la Kinyakyusa la mvua. Masukulu, ambako mvua inanyesha karibu mwaka mzima, wanawake wa nyumba ile hawakuweza kuitaja. Dada alisema "maji ya juu," au alinyoosha kidole tu. Mimi, kwa kuwa sikujua lugha yao, nilisema mvua kwa Kiswahili na sikuvunja chochote. Dada alilifurahia hilo kupita kiasi. Wingu likikusanyika alinigusa kiwiko, akasema, "Haya, wewe mwenye ruhusa, tuambie kinakuja nini."

Mama mkwe ndiye aliyekuwa daraja. Kiswahili chake kilibeba sauti za kwao, z ikawa s, v ikawa f, na kwa miezi ya mwanzo nilisikia "ndisi" na "masiwa" na nikacheka moyoni. Baadaye nikajikuta nami nasema hivyo. Mzee akiwa sebuleni na mimi jikoni, ukuta kati yetu ni wa mianzi uliopakwa udongo. Kila neno lilipita. Hata hivyo yeye alisema, "Mwambie mkamwana chumvi imezidi kidogo," na mama mkwe akaniambia, na mimi nikasema, "Mwambie baba nimesikia," naye akamwambia. Mwanzoni niliona ni mchezo wa watoto. Baadaye niliona faida yake. Hakuna neno kali lililoweza kuvuka daraja lile likiwa bado kali. Mama mkwe alilipoza njiani. Mara moja nilisikia mzee akiuliza kwa hasira ni nani ameacha zizi wazi, na mama mkwe akanigeukia akasema, "Baba anasema ng'ombe wametembea leo."

Na kulikuwa na mtoto. Binti yangu alikuwa bado ananyonya, anaanza kusimama, naye hakuwa na mkwe. Alikuwa na babu. Mzee alimchukua akamketisha gotini upande wa mbele, akazungumza naye kwa Kiswahili chake cha karani, polepole, kwa sauti iliyozidi mahitaji ya mtoto wa umri ule. "Mama yako anabeba ndoo mbili kutoka mtoni. Kwetu mwanamke anayenyonyesha anabeba moja." Siku iliyofuata nilibeba moja. Jioni nilimsikia akimwambia mtoto, "Vizuri."

Alikuwa na redio ya betri aliyoitunza kama yai. Ilikuwa ya taarifa ya habari tu, kisha inazimwa. Lakini jioni moja moja muziki wa pwani ulipopigwa, redio haikuzimwa. Iliwekwa dirishani upande wa jikoni na sauti ikapandishwa. Nilimwuliza mama mkwe kama mzee anapenda taarabu.

"Masikio yake yamechoka siku hisi," alisema, akiendelea kumenya.

Masikio yale yale yalisikia ng'ombe akijikuna zizini. Niliendelea kumenya nami.

Barua za mume wangu hazikuja, ila salamu zilikuja kwa vinywa vya madereva. Yuko salama. Ameuza sabuni. Ameibiwa sabuni. Ameanza tena. Siku nyingine niliona uzito wa kukaa pale, mtu mzima, nikila ndizi za watu na kulala chini ya bati la watu. Hakuna aliyenifanya nijione hivyo, lakini mgeni hujua mwenyewe. Usiku nilihesabu nani Tanga angenipokea. Asubuhi nikisikia kikohozi niliamka na kupisha, na siku ikaanza.

Kisha ilikuja siku ya msiba wa Kisondela.

Ndugu wa mama mkwe alifariki huko, na karibu kijiji chote cha upande wetu kilikwenda kuzika. Mimi nilibaki kwa sababu mtoto alikuwa ameamka na homa. Mzee alibaki asubuhi ile ili akate mianzi ya kurekebisha zizi, kisha awafuate. Nilimsikia akikohoa akiteremka bondeni na panga lake. Niliendelea na kazi. Mtoto alilala mgongoni, homa ikashuka. Jua lilikuwa limepanda, ingawa halikuonekana, nilipogundua kwamba sijasikia kikohozi cha kurudi.

Nilisimama ukingoni mwa migomba nikasikiliza. Kulikuwa na sauti, lakini haikuwa kikohozi. Ilikuwa sauti ya mtu anayeuma meno.

Niliteremka mpaka pale mianzi ilipoanza, nikasimama nyuma ya majani. "Nani huko?" aliuliza.

"Ni mimi, baba."

Ilikuwa mara yetu ya kwanza kuzungumza bila mtu katikati. Aliuliza, "Wengine?"

"Wako msibani."

"Mguu umegeuka. Nenda kwa jirani, umwite mwanamume."

Nilikimbia. Nyumba ya kwanza ilikuwa imefungwa kwa kijiti. Ya pili hivyo hivyo. Ya tatu nilimkuta bibi mzee aliyeachwa kwa kuwa hawezi kutembea mbali, amekaa mlangoni anachambua maharage. Nilimweleza huku nahema. Alinitazama, akamtazama mtoto mgongoni, akalitazama bonde.

"Mimi nitamwinua na nini?" alisema. "Nenda mwenyewe. Jifunike. Na yeye mwambie ajifunike." Akavua kitenge chake cha juu akanirushia, akarudi kwenye maharage yake.

Nilirudi bondeni. "Baba, hakuna mtu. Nakuja."

"Usije."

"Baba, mvua inakuja."

Nilikuwa nimeshasema ndipo nikasikia nilichosema, neno ambalo hata kwa Kiswahili sikuwahi kulitamka mbele ya mwenye jina. Nilisimama pale nimeshika mdomo. Kutoka kwenye mianzi nikasikia pumzi ya puani, fupi, mtu anayecheka huku anaumia.

"Naiona," alisema. "Subiri nifunike kichwa."

Alivua koti akajifunika kichwa na uso. Mimi nilijitanda kitenge cha bibi mpaka machoni nikaacha upenyo wa kuona ardhi. Niliingia nikitazama tope. Niliona miguu yake, mmoja umevimba kifundoni na umekaa vibaya. Niliona mkono wake wa kulia, mkavu, wenye kucha zilizokatwa vizuri na kovu refu kwenye kidole gumba. Nilikata mwanzi mmoja nikampa awe na fimbo, nikageuza mgongo, nikainama ashike bega langu. Alisita. Nilihisi mkono ukija, ukirudi, ukija tena. Ulipotua ulikuwa mwepesi kama wa mtu anayeogopa kuvunja kitu.

"Weka uzito wote, baba. La sivyo tutaanguka."

"Mtoto yuko mgongoni."

"Mtoto amezoea."

Tulipanda. Yeye haoni kwa sababu ya koti, mimi naona futi moja ya tope mbele ya miguu yangu. "Kushoto kuna kisiki," nilisema. "Kulia sasa." Mvua ikatupata katikati. Tulianguka mara moja, kwa magoti, na sote wawili tulishika vifuniko vyetu kabla ya kushika ardhi. Mtoto, ambaye aliamka kwa kuanguka kule, alimwona babu yake kwa karibu, jambo ambalo halijawahi kutokea akiwa mgongoni kwangu. Alifurahi. Alinyoosha mkono akalivuta koti.

"Mwache babu," nilisema.

"Mwache tu mtoto," alisema mzee, "ila wewe usigeuke."

Sikugeuka. Nilisimama kwenye mvua nikitazama miguu yangu mpaka aliposema twende.

Nilimfikisha mlango wa mbele, ambao sikuwahi kuupita. Nilimwekea maji, nikamwekea kigoda, nikarudi jikoni na kufunga mlango, nikamvua mtoto nguo zilizolowa.

Jioni watu waliporudi nilimweleza mama mkwe kila kitu, nikisubiri kusikia nimeharibu nini. Alisikiliza hadi mwisho. Kisha akaninusa kichwa, kama alivyofanya kwa wajukuu, akaingia kwa mumewe. Kesho yake vijana walimbeba mzee kwa machela hadi hospitali. Kifundo kilikuwa kimevunjika, akarudi na plasta nyeupe iliyogeuka ya kijivu baada ya siku mbili.

Nyumba ilianza kunong'ona. Dada aliniambia iko njia ya kumaliza kutoonana. Mzee akitaka, anatoa zawadi kubwa mbele ya watu, anamsalimia mkamwana, na baada ya hapo wanaishi kama baba na mwana. Nyumba kadhaa za waumini zilikwishafanya hivyo. "Sasa kwako atafanya," alisema. "Umembeba." Nami niliamini. Nilianza hata kufikiri nitamwambia nini siku hiyo, na nilitamani kumsikia akinisemesha mimi, si mtoto, si ukuta.

Jibu lilikuja kwa mama mkwe, tukiwa mtoni tunaosha sufuria.

"Baba ameniambia nikuambie," alisema. Safari hii hakupoza chochote. Alisema kama alivyopewa. "Anasema anashukuru. Anasema wengine wamelegesa na hawalaumu. Lakini yeye alifyolelewa, akimtasama mkamwana usoni, ni kama amemfua nguo. Haifai kumlipa mtu mwema kwa kumfua nguo. Anasema migomba ya kule bondeni, kuansia mtoni mpaka kwenye mianzi, ni yako. Siyo ya mume wako. Yako."

Niliosha sufuria moja muda mrefu. Niliumia, sitaki kusema sikuumia. Niliona kama mlango umefunguliwa nikachungulia kisha ukafungwa kwa adabu. Lakini jioni ile nilikwenda bondeni peke yangu nikasimama katikati ya migomba yangu, mtu wa Tanga, na wazo la nani angenipokea kwetu halikunijia. Halikunijia tena baada ya hapo. Na alipoanza kutembea kwa fimbo, akakohoa mara mbili kwenye kona ya zizi, niliingia ndani haraka kuliko wakamwana wote. Nilikuwa nimeanza kupisha kwa hiari yangu, na hiyo ilikuwa tofauti kubwa, ingawa kwa macho ya mtu wa nje lilikuwa jambo lile lile.

Mume wangu alirudi msimu wa parachichi akiwa amepata chumba cha duka Mbeya mjini. Tuliondoka na mikungu miwili kutoka bondeni. Tukawa tunakwenda Masukulu kila Krismasi na kila msiba, na mimi naingilia mlango wa nyuma.

Miaka michache baadaye mama yangu alitoka Tanga kuja kututembelea, akataka kuwaona wakwe zangu. Kwa desturi yao mzazi wa mkamwana hana mwiko. Waliketi barazani mchana kutwa, mama yangu na mzee, na mimi nikiwa jikoni nilisikia sauti zao zikipokezana bila kupumzika. Nilimjua mzee kuwa mtu wa maneno machache. Kumbe machache yalikuwa yale yaliyoweza kunifikia.

Tulipokuwa tunapanda kurudi Tukuyu, mama akiegemea mkono wangu na kusimama kila mara kuvuta pumzi, alisema, "Mkweo ni mwongeaji."

"Mmeongea nini?"

"Mengi. Kahawa. Watoto. Aliniuliza Tanga watu wanapikaje ndizi, akanicheka." Alisimama tena. "Aliniuliza ulikuwaje ulipokuwa mdogo."

"Ukamwambiaje?"

"Nilimwambia ulikuwa mbishi. Ukikatazwa kitu, ndiyo kwanza unakwenda."

"Akasema nini?"

"Akasema anajua."

Mama alitaka kuendelea, akaanza kunieleza mzee akicheka uso wake unakuwaje. Nilimwomba asiniambie. Alinitazama kwa mshangao, mtu wa pwani aliyezaa mtu wa pwani, akaguna, akashika mkono wangu tukaendelea kupanda, na mpaka tunafika stendi alikuwa ananieleza jinsi mama mkwe anavyokaanga maharage mabichi, akisema ameomba mbegu.